Utoro wa waya: bunilizi za kisayansi zinatuonya juu ya nini hasa?

Swali: "Mimi ni mwalimu wa sekondari na mlezi wa klabu ya usomaji. Muhula huu tumesoma hadithi kadhaa za kisayansi ambamo watu wanaunganishwa na mashine kwa waya unaoingia ubongoni, wakaishi katika ulimwengu wa kubuni na kuyasahau maisha yao. Wanafunzi wamegawanyika. Wapo wanaosema kuwa hiyo ni hofu ya wazee wanaochukia kila kitu kipya, na wapo wanaosema kuwa mambo hayo yameshaanza, kwa kuwa tayari kuna watu wenye chipu vichwani. Je, waandishi hawa walikuwa na msingi wowote wa kisayansi, au walikuwa wakitutisha tu? Nikiri pia kwamba ninauliza kwa ajili ya kijana mmoja wa klabu yetu ambaye usiku halali kwa sababu ya gemu."

Jibu: Mwalimu, msingi wa kisayansi upo, na hata mwaka wake unajulikana. Mwaka 1954, watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal, Kanada, James Olds na Peter Milner, walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya kwa panya waliopandikizwa elektrodi, yaani nyaya nyembamba za kupitisha umeme, ndani ya ubongo. Elektrodi moja ilikosea njia na kutua mahali ambapo haikukusudiwa, na Olds akaona jambo asilolitarajia: panya aliyekuwa akipewa umeme kidogo kila alipofika kwenye pembe fulani ya boksi hakuikimbia pembe ile, bali aliirudia tena na tena, kama mtu aliyesahau kitu pale. Wakatengeneza kibonyezo ili panya ajipe umeme mwenyewe, naye akabonyeza. Katika majaribio yaliyofuata, panya wengine walibonyeza maelfu ya mara kwa saa moja, na mwaka 1965 ikaonyeshwa kwamba wakipewa muda mfupi tu kwa siku wa kuchagua kati ya chakula na umeme, baadhi yao huchagua umeme na kudhoofu kwa njaa.

Nimeanza na panya kwa sababu mstari unaozigawa hadithi mlizosoma unapita hapo hapo. Kabla ya 1954 waandishi walikwisha kuuogopa ulimwengu wa bandia, lakini ulimwengu huo uliingia kwa milango ya kawaida ya mwili. E. M. Forster, mwaka 1909, aliwaweka binadamu chini ya ardhi, kila mmoja chumbani mwake, wakionana kwa vioo. Aldous Huxley, mwaka 1932, aliwapeleka kwenye sinema za kugusika na kunusika. Na Stanley Weinbaum, mwaka 1935, alimvalisha mhusika wake miwani iliyomletea picha, sauti, ladha, harufu na mguso, kazi ambayo watengenezaji wa miwani ya uhalisia pepe ya leo bado hawajaikamilisha. Baada ya panya wa Montreal, waandishi walipata njia ya mkato: kwa nini kuhangaika na macho na pua wakati ubongo wenyewe unaweza kuguswa?

Larry Niven, Mmarekani, ndiye aliyeifuata njia hiyo hadi mwisho wake. Katika hadithi inayojulikana kama Death by Ecstasy, iliyotoka mwaka 1969, mtu anakutwa amekufa chumbani mwake, ameketi kitini, amekonda mpaka mifupa, ana tabasamu usoni na waya umechomekwa utosini. Kila dalili inasema kwamba alijiua kwa raha. Wasomaji wengi wanaikumbuka picha hiyo tu, na ndiyo iliyoeneza katika bunilizi za Kiingereza habari za walevi wa waya. Lakini hadithi yenyewe ni ya upelelezi, na mpelelezi, ambaye marehemu alikuwa rafiki yake, hakubali. Anachunguza na kugundua kwamba marehemu hakujichomeka bali alichomekwa na wahalifu, waliojua kuwa akishaonja hataweza kuchomoa, na waya wenyewe ulikuwa mfupi, haufiki jikoni. Mtu alifungwa bila pingu, na kwa kuwa uso wake ulikuwa na tabasamu, lawama ikamwangukia yeye.

Naomba klabu yako ikae na hadithi hiyo kwa muda, kwa maana mjadala wa wanafunzi wako umesimama juu ya swali la utamu: je, ulimwengu wa waya utakuwa mtamu kiasi cha kutuangamiza? Mimi naona kwamba bunilizi zilizo bora katika jambo hili zinashughulika zaidi na mlango. Zinauliza mtu anakimbia nini anapoingia, na nani anaushika ufunguo anapotaka kutoka.

Kiswahili kinatusaidia sana hapa, kwa sababu neno letu mtoro linabeba watu wawili wasiofanana. Yupo mtoro wa shule, anayejificha vichakani mpaka kengele ya mwisho ilie. Na wapo watoro wa karne ya 19, watumwa waliokimbia mashamba ya pwani na kujenga makazi yao wenyewe, kama yale ya Fuladoyo nyuma ya pwani ya Kenya, ambao hakuna mtu mwenye akili timamu leo atakayewaambia kwamba walikuwa wakiikwepa hali halisi. Mwaka 1939, J. R. R. Tolkien, mwandishi Mwingereza wa hadithi za kubuni, alitoa mhadhara akiitetea fasihi ya kubuni kwa hoja inayokaribiana na hiyo: wakosoaji, alisema, huchanganya mfungwa anayetoroka gerezani na askari anayetoroka vita, kisha humlaumu wa kwanza kwa kosa la wa pili. Tukisema tu kwamba teknolojia fulani inawafanya watu wakimbie maisha, bado hatujasema lolote la maana mpaka tueleze maisha hayo yalikuwaje.

Sasa turudi kwa panya, kwa sababu sayansi imeendelea mbele ya hadithi. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba panya yule alikuwa akifurahi kupita kiasi, na sehemu ile ya ubongo ikaitwa kituo cha raha. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, Kent Berridge na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan walianza kuitenganisha raha na tamaa. Panya akitiwa maji ya sukari mdomoni hulamba midomo kwa namna inayofanana na ya mtoto mchanga, na ishara hiyo inaweza kuhesabiwa. Panya walioondolewa karibu dopamini yote, kemikali ambayo magazeti hupenda kuiita ya furaha, waliacha kabisa kutafuta chakula, hata ikabidi walishwe, lakini sukari ilipowafika ulimini walilamba vile vile kama zamani. Upande wa pili, panya walioamshwa kwa umeme katika njia zinazohusiana na dopamini walikula kwa pupa, na ishara zao za kufurahia hazikuongezeka hata kidogo. Kutaka na kufurahia, basi, vina mitambo yake tofauti ndani ya kichwa kimoja, na ule wa kutaka unaweza kuwashwa peke yake.

Kwa binadamu kuna ushahidi wa zamani unaonisumbua kuliko hadithi yoyote ya kutisha. Robert Heath, daktari wa Chuo Kikuu cha Tulane mjini New Orleans, alianza mwaka 1950 kupandikiza elektrodi katika bongo za wagonjwa, kazi ambayo baadaye ililaumiwa vikali kwa misingi ya maadili na ambayo leo isingeruhusiwa. Mwaka 1963 alieleza habari za mgonjwa aliyepewa vibonyezo vya kujiamshia sehemu mbalimbali za ubongo. Kibonyezo ambacho mgonjwa yule alikibonyeza mara nyingi kuliko vyote hakikuwa kile chenye utamu mkubwa zaidi. Kilikuwa kinampa hisia kwamba yu karibu kukumbuka jambo fulani, jambo lililomponyoka kila alipolikaribia, na kilimwacha na hasira. Aliendelea kukibonyeza. Mtu yeyote aliyewahi kujikuta saa saba za usiku kidole chake bado kinasukuma skrini ya simu, akitafuta kitu asichoweza kukitaja, anaielewa hali hiyo bila kupasuliwa kichwa.

Kwa hiyo, wanafunzi wanaosema kuwa hofu hii ni ya wazee wanakosea jambo moja. Wanadhani onyo linahusu raha, na raha haina ubaya. Ni kweli haina. Uraibu unaoelezwa na sayansi ya sasa una raha kidogo sana ndani yake, na waandishi wachache waliliona hilo mapema. William Gibson, katika Count Zero ya mwaka 1986, anamtaja mama wa kijana mmoja ambaye hurudi nyumbani, akajiunga na mashine inayompitishia hisia za wahusika wa tamthilia isiyo na mwisho, na ndani ya hiyo akaishi. Hatuelezwi kwamba mama yule ana furaha kubwa. Tunaona tu nyumba isiyo na mazungumzo, katika mtaa wa watu maskini, na mtoto aliyelelewa na mgongo wa mzazi. Ni kurasa chache tu, wala si kiini cha riwaya, lakini nazipa thamani kuliko vita vyote vya kompyuta vilivyomo katika kitabu kile.

George Alec Effinger, mwaka 1987, alikwenda mbali zaidi kwa namna ambayo wasomaji wa pwani wanaweza kuipenda, kwa sababu When Gravity Fails inatokea katika mji wa Kiarabu wa siku zijazo, wenye adhana, mikahawa na vichochoro. Watu wa mji ule huchomeka vichwani vipande vinavyowapa nafsi za watu wengine, mtu akaamka mpole na jioni akawa jasiri wa kubuni. Mhusika mkuu, Marîd Audran, anajivunia kwamba ubongo wake haujaguswa na waya, na anawadharau waliokubali. Huku akijivuna hivyo, anameza vidonge vya kulevya kutoka ukurasa wa kwanza. Sijui kama mwandishi alikusudia kutuchekesha, lakini mimi nilicheka: mtu anaulaani mlango mmoja akiwa amesimama katikati ya mlango mwingine.

Filamu ninayoipendekeza kuliko zote, ijapokuwa ni ndefu na ina uzembe wa hapa na pale, ni ile ya Mjerumani Wim Wenders ya mwaka 1991, Until the End of the World. Mwanasayansi anatengeneza kamera inayonasa kile ambacho ubongo wa mtu unakiona, kwa nia njema kabisa: mke wake ni kipofu, naye anataka aone nyuso za watoto na wajukuu. Mashine inafanya kazi. Baada ya mke kufa, mwanasayansi anaigeuza mashine ile ile irekodi ndoto, na mwanawe wa kiume pamoja na mwanamke aliyeandamana naye wanazama katika kuzitazama ndoto zao wenyewe kwenye skrini ndogo za mkononi, wakitembea jangwani Australia bila kuinua macho. Betri inapokwisha, mwanamke yule analia kama aliyefiwa. Yapo mambo mawili ya kuyatazama hapa. Kwanza, utumwa wao hauletwi na ulimwengu uliotengenezwa na kampuni. Wamezama ndani ya nafsi zao. Pili, mashine ilianza kama tiba, na hakuna siku moja inayoweza kuonyeshwa kwa kidole kuwa ndiyo siku ilipoacha kuwa tiba.

Hapo ndipo pa kuwajibu wanafunzi wanaosema kwamba mambo yameshaanza. Tofauti inayopaswa kushikwa ni kati ya mashine zinazousikiliza ubongo na mashine zinazousemesha. Wazo la kuuunganisha ubongo na kompyuta lilipewa jina na Jacques Vidal wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, mwaka 1973. Mwaka 2004 Mmarekani Matthew Nagle, aliyekuwa amepooza kutoka shingoni kwenda chini, alipandikizwa kifaa chenye elektrodi 96 akaweza kusogeza kishale cha kompyuta kwa kukusudia tu. Mwezi Januari 2024, Noland Arbaugh, aliyepooza baada ya ajali ya kuogelea, alikuwa mtu wa kwanza kupandikizwa kifaa cha kampuni ya Neuralink chenye elektrodi 1024. Nyuzi nyingi za kifaa hicho zilichomoka kidogo kidogo kutoka mahali pake katika wiki zilizofuata, na wahandisi wakalazimika kurekebisha programu ili kiendelee kufaa. Vifaa hivyo vyote vinasikiliza. Havimwonyeshi mtu bahari asiyoiona wala kumtia njozi kichwani. Na ubongo una seli za neva zinazokadiriwa kufikia bilioni 86. Elektrodi 1024 mbele ya idadi hiyo ni kama kuusikiliza mji mzima kwa kutega sikio kwenye milango michache.

Jambo la kufurahisha ni kwamba Arbaugh, alipopata kifaa, alikitumia kucheza chesi na mchezo wa video wa Civilization VI, na alieleza hadharani kwamba aliwahi kucheza usiku kucha. Mwulize mwanafunzi yeyote: huyu ni mtoro wa aina gani? Kijana mwenye afya akifanya vile tungemkemea. Mtu ambaye kwa miaka minane hakuweza kushika chochote bila kuomba msaada, na ambaye usiku ule alicheza peke yake bila kumwita mtu, mimi namweka upande wa Fuladoyo.

Mashine zinazousemesha ubongo nazo zipo, lakini lugha yao bado ni ya mtoto anayeanza kutamka. Kipandikizi cha sikio la ndani, kinachowasaidia viziwi wengi duniani, hufanya kazi kwa elektrodi zisizozidi dazani mbili, na ni ubongo wenyewe unaojifunza kuzitafsiri kelele zile kuwa maneno. Kwa macho kulikuwa na kifaa kilichoitwa Argus II, kilichoidhinishwa Ulaya mwaka 2011 na Marekani mwaka 2013, chenye elektrodi 60 zilizobandikwa kwenye retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kilichowawezesha vipofu kuona vimulimuli na kingo za vitu. Watu wapatao 350 walipandikizwa. Kisha kampuni iliyokitengeneza, Second Sight, ikaingia katika matatizo ya fedha na kuacha kukihudumia, na watu wale wakabaki na kifaa ndani ya jicho ambacho kikiharibika hakuna wa kukitengeneza. Hakuna mwandishi wa bunilizi aliyelazimika kulitunga hilo. Ukiniuliza ni tukio gani la kweli linalokaribia zaidi hadithi ya Niven, sitakutajia mtu aliyezama katika raha; nitakutajia hawa walioamka siku moja na kukuta kwamba ufunguo wa macho yao ulikuwa katika ofisi za kampuni, nazo ofisi zinafungwa.

Nchi moja imeanza kulishughulikia suala hili kisheria. Mwaka 2021 Chile iliiongeza katika katiba yake kinga ya shughuli za ubongo na taarifa zinazotokana nazo, na mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliiamuru kampuni iliyouza kifaa cha kichwani cha kupimia mawimbi ya ubongo kufuta taarifa za ubongo za mtumiaji aliyeshitaki, ambaye ni seneta wa zamani. Kifaa kile hakikupandikizwa. Kinavaliwa kama kofia. Nalitaja hili kwa sababu wanafunzi wako huenda wanausubiri waya uingie utosini ndipo waanze kuogopa, ilhali macho na masikio ndiyo nyaya tulizozaliwa nazo, na biashara kubwa ya kuziteka imejengwa bila kutoboa fuvu la mtu.

Lipo pia swali la kifalsafa ambalo bila shaka litazuka darasani. Mwaka 1974 mwanafalsafa Mmarekani Robert Nozick aliuliza: ikiwa kuna mashine inayoweza kukupa maisha yoyote unayoyataka, nawe ukishaingia usijue kuwa umo, je, ungeingia? Yeye aliamini kwamba wengi wetu tungekataa, kwa sababu tunataka kuyatenda mambo wenyewe na hatutosheki na kuhisi tu kwamba tumeyatenda. Hoja hiyo ilitawala kwa miongo mingi, mpaka mwaka 2010 mwanafalsafa Felipe De Brigard alipochapisha matokeo ya kuwauliza wanafunzi swali lile kinyumenyume: umegundua kwamba umo ndani ya mashine tangu zamani, je, ungependa kutoka? Karibu nusu walitaka kubaki. Huenda, basi, tunaposema kwamba tunaupenda ukweli, mara nyingine tunachokipenda ni mahali tulipokwisha kupazoea.

Filamu ya The Matrix, ya mwaka 1999, ina mhusika aitwaye Cypher anayekaa mezani mbele ya kipande cha nyama, akijua kwamba nyama ile haipo na kwamba ni mashine inayouambia ubongo wake kuwa ni tamu, na bado anaitaka. Wengi humchukulia kuwa mfano wa mtu aliyeanguka. Mimi naona kwamba kuitaka nyama ile si kosa kubwa. Amekula uji usio na ladha kwa miaka katika meli baridi, na huo ni uchovu wa kweli. Kosa lake ni kwamba ameinunua kwa kuwauza wenzake. Hapa siwezi kujizuia kuikumbuka hekaya ya Abunuwasi na maskini aliyekula chakula chake kikavu huku akinusa harufu ya mapochopocho ya tajiri. Tajiri akamdai fedha za harufu, kesi ikaenda, na Abunuwasi akalilipa deni kwa kuzigonganisha fedha ili tajiri asikie mlio wake. Watu hucheka hukumu ile na kumsahau yule maskini, ambaye ameketi nje ya ukuta, anashibisha pua kwa kuwa tumbo halipati. Kabla ya kuwahukumu wanaokula harufu, pangeulizwa kwa nini wapo nje ya ukuta.

Nafika kwa kijana wako. Shirika la Afya Duniani limeutambua ugonjwa wa uraibu wa michezo ya video katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, lililoanza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2022. Kipimo chake hakitaji idadi ya saa. Kinataja kushindwa kujizuia, mchezo kupewa kipaumbele juu ya mambo mengine ya maisha, na kuendelea nao hata madhara yanapoonekana, na kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu kiasi cha miezi 12. Kwa hiyo usimpe jina la ugonjwa kwa sababu ya usingizi peke yake, na pia usiupuuze usingizi, maana kijana asiyelala ana hasara ya kweli hata kama hana ugonjwa wowote.

Ningekushauri umwulize mambo ambayo watu wazima mara nyingi hawaulizi. Anacheza na nani? Wengi hucheza na wenzao, na huenda huko ndiko aliko na marafiki pekee. Mchezo unamwadhibu vipi asipoingia kwa siku moja? Michezo mingi imeundwa kwa zawadi za kila siku na misimu inayokwisha, ili kutokuwapo kuwe na gharama. Huo ni waya mfupi, na kijana akishauona kwa macho yake huenda akachukia kuchezewa. Halafu, kwa upole, nyumbani kukoje saa ambazo angepaswa kulala? Korea Kusini iliweka sheria mwaka 2011 ya kuwazuia watoto walio chini ya miaka 16 kucheza michezo ya mtandaoni kuanzia saa sita za usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na baada ya miaka kumi ikaamua kuifuta. Kufunga mlango kwa nje ni rahisi. Alichokuwa akikikimbia mtoto kinabaki naye chumbani. Ukiona huzuni ya kudumu, kujitenga hata na wale wa kwenye mchezo, au maneno ya kukata tamaa, mpeleke kwa daktari au mshauri wa afya ya akili bila kusubiri miezi 12 itimie.

Kwa klabu, iwapo mnayo nafasi ya hadithi moja zaidi, chagueni ile ya zamani kuliko zote nilizozitaja, The Machine Stops ya Forster ya mwaka 1909. Haina waya wa ubongoni, na hilo ni jema, kwa sababu litawazuia wanafunzi kukimbilia habari za chipu. Kijana Kuno anamwomba mama yake, Vashti, aje amwone ana kwa ana. Mama haelewi haja ya safari, kwa kuwa anamwona kwenye kioo. Kuno anatafuta njia yake mwenyewe ya kupanda juu ya ardhi bila kibali, na kwa ajili hiyo anatishiwa adhabu ya kutupwa nje kwenye hewa inayoua. Baadaye, katika sehemu ya tatu, Mashine inafuta vifaa vya kupumulia ambavyo bila hivyo hakuna awezaye kupanda juu. Waambie wanafunzi waisome aya hiyo polepole, kisha waseme nani alipinga. Watakuta ni wahadhiri wachache tu, waliolalamika kwa muda kwamba wamezuiwa kuyafikia mambo wanayoyafundisha, kisha nao wakanyamaza; wengine wote hawakuona kwamba wamepoteza kitu, kwa kuwa ni miaka mingi hakuna aliyekuwa akiutumia mlango ule.